Igizo likifika Shelui, nani anachagua kisa?

Katika miji midogo kama Shelui, wilayani Iramba, mchezo wa kuigiza wa jukwaani si jambo la kila mwezi. Ukifika, mara nyingi huwa umekuja na gari la kampeni: leo chandarua, kesho choo bora. Watu wanacheka, wachache wanapata fulana, gari linaondoka.

Kuna wanaosema dawa ni kuleta vikundi vikubwa zaidi kutoka Dar es Salaam. Historia ya sanaa za maonyesho hapa Afrika Mashariki inaonyesha njia nyingine. Igizo zuri kijijini huanza na wanakijiji kuchagua kisa wenyewe, kisha mtu mwenye ujuzi akawasaidia kukiigiza vizuri.

Jukwaa la nini wakati simu ipo?

Vichekesho viko kwenye simu, na redio ina michezo yake. Twende na Wakati, mchezo ulioanza Redio Tanzania mwaka 1993, uliwafikia wasikilizaji wengi kwa habari za uzazi wa mpango na UKIMWI. Lakini msikilizaji wa redio hawezi kumkatiza mhusika na kumwambia, "Hapo umekosea."

Uwanjani anaweza. Tena mzazi, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji na kijana wa bodaboda wanaliona jambo lile lile, saa ile ile, wakiwa pamoja. Kesho yake hakuna wa kusema hakusikia.

Kwa Shelui hilo lina uzito wake. Mji uko chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Malori yanapita, wachimbaji wa dhahabu wanakuja na kuondoka, na wakulima na wafugaji wa makabila mbalimbali wanaishi pamoja. Mahali pa namna hii huwa na mambo ambayo kila mtu anayajua lakini hayaingii kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji.

Malya walifanya nini?

Mfano ulio karibu ni Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa hapo. Hawakwenda na igizo lililokwisha kuandikwa. Waliuliza kwanza ni matatizo gani yanawasumbua watu, wakayachambua pamoja nao, na moja lililojitokeza lilikuwa mimba za wanafunzi. Baada ya hapo ndipo vijana wakatunga, wakitumia ngoma na maigizo, na onyesho likafuatiwa na mjadala wa kijiji.

Mwaka 1996 wataalamu hao hao walianzisha Tuseme katika shule za sekondari, ambako wasichana hutumia maigizo kueleza yanayowazuia kusoma.

Suala hilo bado lipo mezani. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya mimba kurudi darasani. Uamuzi huo ulifungua geti la shule. Haukusema nani atabaki na mtoto nyumbani, baba atakubali vipi kununua daftari upya, au binti atapitaje mbele ya majirani wanaonong'ona. Hayo waraka hauwezi kuyamaliza. Igizo linaweza kuyaweka mbele ya watu wanaohusika ili wayajadili.

Watu wa kawaida wanaweza kuigiza vizuri?

Wanaweza. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamirithu huko Limuru, Kenya, wakulima na wafanyakazi waliigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Walijenga wenyewe ukumbi wa wazi, mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji walirekebisha maneno yaliyosikika si ya kweli. Hapo ndipo ubora ulipotoka: kila mtu alikuwa na haki ya kusema, "Mzee hazungumzi hivyo."

Lakini Kamirithu ina somo la pili. Mchezo uligusa suala la ardhi na matajiri, na kibali kikafutwa baada ya wiki chache. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwaka mzima, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Igizo linalosema kweli humgusa mtu, na aliyeguswa anaweza kuwa na nguvu.

Kwa hiyo ni vyema kuanza mapema kwa mtendaji wa kijiji na afisa utamaduni wa halmashauri. Michezo ya kuigiza ina sheria yake, Namba 4 ya mwaka 1976, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo linalosajili vikundi. Kupata kibali ni jambo moja. Kumkabidhi kiongozi au mfadhili kalamu afute sehemu zinazomkera ni jambo jingine.

Kuna pia hatari ya upande wa pili. Mji ni mdogo, watu wanajuana. Binti mmoja asigeuzwe mfano wa kijiji kizima. Wanaotunga wachanganye visa kadhaa, wabadilishe majina na mazingira, ili mjadala uwe juu ya tatizo, si juu ya mtoto wa fulani.

Gharama iko wapi?

Tufanye hesabu. Kundi la wasanii 15 linahitaji nauli 15, vitanda 15 na posho 15 kwa onyesho la siku moja. Mkufunzi mmoja akikaa wiki 2 anahitaji nauli moja na kitanda kimoja kwa usiku 14. Akiondoka, ujuzi unabaki kwa vijana aliowafundisha. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, imefundisha watu wa kazi hiyo.

Mengine ni mpangilio. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Onyesho likifanyika mchana halihitaji jenereta, mradi saa iwaruhusu akina mama kufika. Singida ina upepo mkali, hivyo waigizaji wasimame upepo ukitokea mgongoni mwao ili sauti iende kwa watazamaji. Ukuta wa shule nyuma yao husaidia pia. Na barabara kuu iwe mbali: honi ya lori moja inaweza kufunika maneno yaliyofanyiwa mazoezi mwezi mzima.

Ya kuuliza kabla ya kukubali

Mtu akija kijijini kwenu na pendekezo la igizo, awe mfadhili, kiongozi au msanii, mwulizeni maswali matatu. Nani amechagua kisa? Nani kati yetu ataigiza? Na baada ya mwezi mmoja, nani atarudi kuuliza yale tuliyokubaliana uwanjani yamefikia wapi?

Swali la tatu ndilo gumu zaidi. Asiye na jibu lake anawaletea burudani, na burudani haina ubaya. Ila msiihesabu kama mkutano wa kijiji.