Ngozi, Mwanga na Mafuta ya Mwili

Mtu akipatwa na soriasisi mara nyingi hutengewa sahani na mkeka wake, kwa kuwa watu waonapo magamba juu ya ngozi hudhani ni ukoma. Si ukoma, wala ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Kinga ya mwili ndiyo iliyopotea njia, ikaihimiza ngozi kujifanya upya kwa siku chache, kazi ambayo kwa desturi huchukua kadiri ya mwezi.

Mwaka 1925 daktari William Goeckerman wa Mayo Clinic, huko Marekani, alieleza jinsi ya kuwapaka wagonjwa lami ya makaa ya mawe, kisha kuwaangazia taa ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Siku hizi hospitali nyingi hutumia taa ya nanomita 311 bila lami. Mgonjwa huangaziwa mara mbili au tatu kwa juma, muda wa majuma mengi. Kinga iliyo ndani ya ngozi hutulia, magamba yakapukutika, ingawa baadaye yaweza kurudi.

Lakini ugonjwa hauishii kwenye ngozi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, huko New York, walitangaza habari za leptini, homoni itokayo katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo hali ya akiba. Kumbe mafuta si ghala bubu! Leptini ikizidi huchochea kinga. Adiponektini, itokayo papo hapo, huituliza, tena huisaidia insulini. Kwa wagonjwa wengi wa soriasisi leptini imeonekana kuzidi na adiponektini kupungua, nao hupatwa na kisukari na maradhi ya moyo kuliko wengine.

Je, taa huzirekebisha homoni hizo? Wataalamu wamepima damu kabla ya matibabu na baada yake, na majibu yao hayalingani. Vitamini D huongezeka, hilo ni hakika. Basi ngozi yaweza kutakata huku mafuta ya tumboni yakiendelea na kazi yake. Kwa hiyo twaona si haki mgonjwa kupewa taa tu, asipimwe uzito, sukari na shinikizo la damu. Maana aliyenenepa, akipunguza uzito, mara nyingi magamba nayo hupungua.

Wala mtu asijianike juani mchana kutwa akidhani ni dawa ile ile. Mwanga wa taa hutolewa kwa kipimo, na ngozi iliyoungua yaweza kuota magamba mapya palepale ilipoungua.