Kuchora Chombo Ni Kazi ya Mwalimu wa Lugha

Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba somo la Kiswahili ni sarufi na ufahamu basi, na kwamba mwalimu amwambiaye mwanafunzi achore mtungi apoteza kipindi. Neno hili tumelisikia Gitega, tukalisikia tena Muyinga, na sasa limetuchosha.

Hebu tuitazame Ulaya ya karne ya 16, wafalme waliposhindana kwa vyombo vya fedha na dhahabu. Mara nyingi kazi ya sonara ilitanguliwa na karatasi ya mchoraji. Giulio Romano, aliyehamia Mantua mwaka 1524, aliwachorea watawala wa ukoo wa Gonzaga mabirika, masinia na vyombo vya chumvi vyenye maumbo ya ndege, samaki na majani. Naye Hans Holbein, yapata mwaka 1536, alichora kikombe cha dhahabu cha Malkia Jane Seymour, mke wa Henry VIII wa Uingereza, akazisokota pamoja herufi za majina yao. Kikombe kiliyeyushwa mwaka 1629, enzi za Mfalme Charles I. Mchoro uko Oxford hadi leo. Karatasi imeishi kuliko dhahabu!

Tutaambiwa kwamba hayo ni mambo ya makasri. Ni kweli, na makasri hatuyalilii. Lakini madini huyeyushwa popote. Mhunzi wa Burundi huchukua jembe lililochakaa akalifanya kisu. Bangili ya umuringa, yaani shaba, yaweza kurudi motoni siku yoyote. Umbo la kwanza likienda, jina hulifuata. Hata icansi, chombo cha maziwa cha mti, kinaipisha ndoo ya plastiki. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yamehifadhi vitu vingi vya kale. Wanafunzi wetu hupelekwa, hutazama, kisha hurudi na neno moja tu mdomoni: “vitu”.

Achoraye hana budi kutenga sehemu na sehemu, na kila sehemu yadai jina: mdomo, shingo, tumbo, kitako, mkono, kifuniko. Mtoto wa Muyinga huyajua karibu yote mwilini mwake. Mtungi utamwonyesha jinsi Kiswahili kinavyoyahamisha. Kisha na aende pwani, akutane na chetezo, mrashi na mdila. Aulizwe tofauti ya kufua na kusubu, amweleze mwenzake jinsi siwa ya shaba ya Lamu ilivyosubiwa kwa kalibu ya nta. Na hiyo sarufi inayoliliwa? Imo humo humo: mdomo mpana, tumbo pana, kitako kipana.

Twadai kipindi kimoja kwa juma, karatasi, kalamu za risasi, na ruhusa ya kuketi makumbushoni kutwa nzima. Wanaotupinga na watuletee majina sita ya sehemu za chombo chochote kutoka vinywani mwa wanafunzi wao, kisha tutaendelea kubishana.