Kila mtu na nondo yake!

Juzi nilipita saiti moja hapa Dar nikakuta mchora ramani na kontrakta wamenuniana kama wake wenza. Kontrakta anadai yule bwana mdogo kazi yake kuchora tu, nondo hajawahi kushika. Mchoraji naye anasema kontrakta mbishi. Kisa? Nondo zimebadilishwa kimyakimya.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka yaliyotokea Marekani. Mwaka 1981, mjini Kansas City, ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency ulikuwa na vijia vya kupita watu vinavyoning'inia hewani, kimoja juu ya kingine. Ramani ilisema nondo ndefu zitoke kwenye paa zishike vyote viwili. Watengeneza vyuma wakaona taabu, wakataka nondo fupifupi: kijia cha chini kining'inie kwenye kile cha juu. Yaani wewe umening'inia kwenye kamba, halafu mwenzako, badala ya kushika kamba hiyohiyo, anang'ang'ania miguu yako! Wahandisi wakapitisha bila kupiga hesabu upya.

Julai 17, watu wakiwa kwenye dansi, vikaporomoka. Wakafa 114. Ndipo kila upande ukaanza kumsukumia mwenzake lawama, na wahandisi wawili wakapokonywa leseni.

Wale wa kwetu? Jana nimepita tena. Bado hawasalimiani, na ghorofa ya tatu imeshaanza kumwagwa zege.