Daftari na Mwenye Kuliandika

Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja mwenye duka, akatuuliza: Je, yafaa hesabu za biashara kutiwa katika kompyuta, au adumu na daftari lake la karatasi?

Yatupasa kwanza tujue asili ya jambo lenyewe. Huko California, Marekani, bwana mmoja aitwaye Scott Cook alimsikia mkewe akinung'unikia taabu ya kulipa ankra za nyumba. Mwaka 1983, yeye na Tom Proulx wakaanzisha kampuni ya Intuit, wakatoa programu iitwayo Quicken, ya kuandikia mapato na matumizi ya nyumbani. Wakastaajabu kuona kuwa wengi walioinunua waliitumia katika biashara zao ndogo, nao hawakusomea uhasibu. Kwa ajili ya watu hao ikatoka QuickBooks, mwaka 1992.

Walakini wahasibu waliilalamikia. Programu ile ya mwanzo haikuweka athari ya mabadiliko: mtu aliweza kugeuza hesabu ya jana, na asijulikane. Baadaye ndipo ikatiwa sehemu ya kuhifadhi nani kageuza nini, na lini.

Fundisho li hapo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni. Yataka mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Chombo cha kuandikia haikukitaja. Basi kalamu ni chombo, na kompyuta ni chombo.

Sisi tumepata kukaa katika mirathi ambayo daftari la marehemu lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe. Mdai asema hakulipwa; warithi wasema kalipwa. Na kwa kuwa deni hutangulia urithi, mayatima wakangoja, na ndugu wakahasimiana. Daftari lile lilikuwa la karatasi, na kosa lake ni lile lile la programu ya mwanzo.

Basi tulimjibu mzee wetu: Tumia kompyuta ukipenda, lakini chagua programu isiyoficha kilichogeuzwa. Andika deni siku ile ile, lako na la watu. Weka nakala mahali pengine, na mkeo au mshirika wako ajue kuisoma, kwani siku ya kuhitajiwa daftari hilo huenda wewe hupo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika uadilifu. Amin.