Habari za Mbali Zinatuhusu



Mwezi huu siandiki juu ya mbolea wala mbegu. Naandika juu ya habari.

Mwaka 2016 nilisikia redioni kwamba mdudu mgeni ameonekana Nigeria. Asili yake ni bara la Amerika. Anakula mahindi. Anaitwa kiwavijeshi vamizi. Nikasema moyoni, "Nigeria ni mbali." Nikazima redio.

Mwaka 2017 mdudu huyo alikuwa amefika Tanzania. Mzee mmoja aliniita shambani kwake. Nilifungua majani ya mhindi, nikaona kiwavi mnene amejificha ndani. Kinyesi chake kilikuwa kama unga wa mbao. Tulikuwa tumechelewa. Mzee akaniuliza, "Bwana shamba, hamkupata habari?" Niliona haya. Habari nilikuwa nazo.

Ndugu zangu, zamani habari za nchi za mbali zilikuwa mali ya wachache. Mwaka 1835 Charles Havas alifungua ofisi ya habari mjini Paris, Ufaransa. Alikusanya habari za nchi nyingi na kuyauzia magazeti. Mwaka 1850 Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka habari za bei kati ya miji ya Aachen, Ujerumani, na Brussels, Ubelgiji. Hapo katikati waya wa simu ulikuwa bado haujafika. Mwaka 1851 alifungua ofisi London. Wafanyabiashara walilipia habari hizo, kwa maana anayejua bei mapema hapunjwi.

Kwa miaka mingi habari nyingi za Afrika zilitangazwa duniani na mashirika ya Ulaya na Marekani. Wao ndio waliochagua lipi litangazwe. Kwa hiyo mwaka 1979 nchi za Afrika ziliunda shirika lao la habari, PANA. Lilianza kazi mwaka 1983 mjini Dakar, Senegal.

Leo habari hutufikia upesi kuliko njiwa, kwa redio, gazeti na simu. Lakini habari ikipuuzwa haina faida. Ukisikia habari ya mdudu, ugonjwa wa mifugo au bei ya mazao huko mbali, jiulize mambo matatu:

Nani amesema?
Limetokea lini?
Likija kwetu, tutafanya nini?

Kisha mwambie jirani yako, na mwite bwana shamba mapema. Asiyejua kusoma, msomee.

Mimi sizimi redio tena.