Mbiru, kodi na mkono wa mkadiriaji

Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same, wakakaa nje ya boma la mkuu wa wilaya wa Kiingereza, wakidai mbiru, kodi ya ngazi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, ifutwe. Hawakukataa kodi. Ya kichwa, ya kiwango kimoja kwa wote, walikuwa wakiilipa miaka nenda rudi. Walichokataa ni kukadiriwa: wachache wakae, wapime mali ya mwenzao, kisha watoe namba. Hata jina lilikuwa la kuazima; mbiru ya kale ilikuwa tozo ya watawala wa jadi.

Waingereza wenyewe wasingeshangaa, laiti wangelisikiliza neno lao. Tax limetoka Kilatini, na maana yake ya awali ni kupima thamani. Mahakama zetu bado zinalitumia hivyo: afisa anayefanya taxation hakusanyi shilingi ya serikali, anapitia bili ya gharama za kesi na kuamua ipi inastahili. Cess, tunayoiita ushuru wa mazao, ni kipande cha assess. Kwa Kiingereza, basi, mkadiriaji yumo ndani ya neno.

Kiswahili chetu kimemficha. Kodi ni ya serikali na kodi ni ya nyumba, na ya nyumba hupatanwa kabla mpangaji hajaingiza godoro. Nadhani ndiyo maana makadirio hutuuma kuliko kiwango: tunahisi tumerukwa kwenye mapatano. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, kilio kikubwa kilikuwa kamatakamata ya maafisa wa kodi: hapo pia uliouma ni mkono wa mtoza.

Nakiri, kodi ya ngazi ina haki yake. Mwenye kishamba cha migomba kutozwa sawa na tajiri ni dhuluma, na Wapare walikuwa wakitetea kiwango kimoja! Lakini haki ya ngazi haisafishi siri ya anayepanga ngazi.

Leo sheria inampa mkadiriwa mlango. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, mfanyabiashara wa tangawizi pale Same anaweza kupinga makadirio ndani ya siku 30. Ila kwanza aweke theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia, kile kilicho kikubwa, isipokuwa kamishna mkuu wa kodi amsamehe. Yaani namba ileile anayosema si ya kweli ndiyo inayopima kiingilio cha kwenda kuikana.