Karatasi hizo si za kufungia njugu!

Wahenga walinena ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu usemi huu tunawaachia wenye maduka, kana kwamba mali ni unga na sukari tu. Lakini kuna mali nyingine, msomaji mpenzi, inayopotea kila uchao mbele ya macho yetu hapa mjini, nayo ni kumbukumbu ya michezo yetu ya kuigiza.

Mchezo wa kuigiza si kama jumba au daraja. Pazia likishafungwa, waigizaji wakishajipangusa rangi usoni na taa zikishazimwa, mchezo haupo tena. Watazamaji wataondoka na vicheko vyao au machozi yao, na baada ya miaka ishirini hata hao wataanza kubishana ni nani aliyeigiza mfalme na ni nani aliyeigiza mtumwa. Kinachobaki ni karatasi: kitabu cha mchezo wenyewe, programu iliyogawiwa mlangoni ikiwa na majina ya waigizaji, tiketi, bango, picha na kipande cha gazeti. Karatasi hizo zikipotea, ni kana kwamba mchezo haukuwahi kuchezwa.

Nazo hupotelea wapi? Familia inahama kutoka nyumba moja hadi nyingine, na katoni ya makaratasi ya baba inaonekana kuwa mzigo. Au mzee ameaga dunia, matanga yamekwisha, na vijana wanasafisha chumba. Nguo zinagawanywa, redio inapata mwenyewe, lakini makaratasi yanauzwa kwa kilo. Wiki mbili baadaye ukurasa wenye majina ya waigizaji umesokotwa kifuko, na ndani yake kuna njugu.

Hebu tuutazame mfano mmoja tuone hasara yenyewe. Kule Kamiriithu, Limuru, wanakijiji, wengi wao wakulima na vibarua, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao wenyewe. Mnamo Oktoba 2, 1977, wakaanza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walifurika. Kufika katikati ya Novemba leseni ilikuwa imefutwa, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Maneno ya mchezo huo yalisalimika kwa kuwa yalichapishwa mwaka wa 1980. Lakini kitabu hakitwambii kina mama walioimba pale walivaa nini, wala watazamaji walikaa vipi kwenye viti vile, wala nani alisahau maneno yake akakumbushwa na watazamaji. Mtu yeyote aliye na picha moja ya siku zile katika albamu ya nyumbani ana kitu ambacho kitabu hakina.

Na wale wa kuulizwa wanapungua. Francis Imbuga, aliyeandika Betrayal in the City, alituacha mwaka wa 2012. Micere Mugo, aliyeandika The Trial of Dedan Kimathi pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, alifariki mwaka wa 2023. Ngũgĩ mwenyewe akafuata Mei 2025. Michezo hiyo miwili niliyoitaja ilichezwa katika Kenya National Theatre mwaka wa 1976 na kisha ikapelekwa Lagos, Nigeria, kwenye tamasha kubwa la sanaa la Waafrika mwaka wa 1977. Yamkini kuna mtu mtaani mwako aliyekuwa ukumbini mojawapo ya siku hizo, na hajawahi kuulizwa hata mara moja kama alihifadhi tiketi yake.

Basi tufanyeje? Mimi nasema kila familia inaweza kuwa na rafu moja ya jukwaa, na haihitaji utajiri.

Anza na vitabu vya mitumba. Mwenye kuzijua barabara za Nairobi anawajua wauza vitabu wa kandokando ya Tom Mboya na vichochoro vinavyoelekea River Road, ambao hutandaza turubai na kupanga vitabu vilivyokwisha kupita mikono mingi. Mwezi wa Januari kina mama na kina baba hujazana hapo wakitafuta vitabu vya shule. Miezi mingine huwa na nafasi zaidi, na muuzaji ana muda wa kuzungumza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe inama kwelikweli, maana tamthilia ni vitabu vyembamba ambavyo hulaliwa na kamusi na vitabu vya hesabu.

Utafute nini? Tafuta zile za mwanzo kabisa. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini... alipokuwa mwanafunzi wa Alliance High School, na kitabu kikatoka mwaka wa 1957. Mwaka huohuo Graham Hyslop alitoa Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Tafuta Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichotoka mwaka wa 1969 na kinachosimulia Vita vya Maji Maji. Tafuta Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, cha mwaka wa 1981, ambacho mwandishi wake aliwekwa kizuizini mwaka uliofuata. Wala usizidharau zile zilizopita mikononi mwa wanafunzi wa juzijuzi, kama Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya cha Timothy Arege au Kigogo cha Pauline Kea. Kitabu ambacho leo kila mtoto anacho, kesho hakuna anayekihifadhi.

Ukishakishika, kifungue ukurasa wa haki za mchapishaji, utazame mwaka na chapa. Mwaka wa kwanza kutolewa si lazima uwe mwaka wa nakala iliyo mkononi mwako. Mfano mzuri ni tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaizari wa Roma. Ilipotoka mwaka wa 1963 iliitwa Julius Caezar. Mwalimu aliirekebisha, na mwaka wa 1969 ikatoka kwa jina la Juliasi Kaizari. Ni kazi moja yenye majalada mawili, na mwenye kuziweka pamoja anaweza kuona jinsi mtafsiri alivyokuwa akijisahihisha, neno kwa neno. Mwaka huohuo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi.

Sasa sikiliza siri ya mkusanyaji. Wanunuzi wengi hukimbia kitabu kilichoandikwa-andikwa. Wewe kikimbilie! Nimewahi kuona turubaini tamthilia iliyochakaa, ambayo mtu alikuwa ameyapigia mstari mwekundu maneno yote ya mhusika mmoja. Pambizoni alikuwa ameandika kwa penseli: "pumua", "usiharakishe", "mtazame mama kwanza". Mwenye vitabu alikuwa amekipunguzia bei kwa kuwa ni kichafu. Kumbe uchafu ule ndio mchezo wenyewe! Hapo palikuwa na mwigizaji, na mwalimu aliyekuwa akimfunza, na jioni za mazoezi. Nakala safi ya dukani haina hayo.

Lakini chunga jambo moja. Kitabu chenye muhuri wa maktaba au wa shule, ambacho hakina alama yoyote ya kuonyesha kwamba kimeondolewa kihalali, huenda kiliibwa. Kukikusanya hicho si kuhifadhi, ni kumnyang'anya mwanafunzi mwingine. Kirudishe kwa mwenyewe.

Baada ya vitabu, geukia nyumbani, maana huko ndiko kuna hazina ambayo hakuna muuzaji anayo. Kila mwaka shule zetu hushindana katika tamasha la maigizo. Michezo mingi ya huko huandikwa na walimu, ikapigwa chapa nakala chache, ikachezwa, ikasifiwa, kisha ikatupwa. Haikuchapishwa na mtu yeyote. Hivyo basi, ile hati yenye madoa ya chai katika sanduku la shangazi yako aliyekuwa mwalimu huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Ikifungiwa njugu, basi.

Mkalishe shangazi chini Jumapili moja baada ya chakula. Mtandikie picha zake mezani. Muulize: huyu ni nani, huu ni mchezo gani, ukumbi ni upi, ni mwaka gani? Andika majibu yake nyuma ya picha kwa penseli laini bila kukandamiza, maana wino hupenya na kuharibu. Picha isiyo na jina ni sura tu, hata mjukuu hataitambua.

Kuhusu kuhifadhi, mambo si magumu. Adui wa karatasi ni unyevu, jua, mende na mchwa. Weka vitu vyako juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta unaovuja, na uvitazame kila baada ya miezi michache. Usitumie selotepu kuunga ukurasa uliochanika, kwa kuwa gundi yake huwa manjano na kuila karatasi. Usiibane programu kwa pini za chuma, maana zitashika kutu. Vipande vya magazeti viweke katika bahasha yake peke yake, kwa sababu karatasi ya gazeti hugeuka rangi na kuyatia doa makaratasi mengine. Na tiketi zile zinazotolewa na mashine kama risiti za dukani hufifia zikabaki nyeupe, kwa hiyo zipige picha au utoe nakala mapema.

Vijana mtaniambia, "Siku hizi tiketi huja kwa simu, na bango pia liko kwenye simu." Naam, na hiyo ndiyo shida. Simu ikiibwa kwenye matatu, kumbukumbu nazo zimeshuka kituo kisichojulikana. Mchezo wa mwaka wa 1957 umetuachia kitabu. Mchezo wa mwezi jana, uliotangazwa kwa simu na kulipiwa kwa simu, huenda usituachie hata jina la aliyeshika taa. Ukienda kutazama mchezo, rudi nyumbani uandike katika daftari: jina la mchezo, mwandishi, ukumbi, tarehe, waigizaji uliowatambua, na sentensi mbili za jinsi ulivyouona. Bango likikupendeza, litoe kwenye karatasi. Dakika kumi zatosha.

Wapo watakaouliza, "Faida yake nini?" Kama ni pesa, usitarajie nyingi, na wala usianze kwa sababu hiyo. Faida ni kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kuandika juu ya jukwaa la Kenya asilazimike kutegemea uvumi. Faida ni kwamba mtoto wako ajue nyanya yake hakuwa mpishi na mkulima tu, bali aliwahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa, akasema neno moja, watu wote wakanyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mnunuzi wa makaratasi na mizani yake, ifungue ile katoni. Toa karatasi moja moja, usome. Zilizobaki bila maana, basi mwenye njugu naye apate.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.